Maharagi Niliyoyaruka

Nilizaliwa Kasongo, katika mtaa wa Waungwana, ambako watu walikula wali, walivaa kanzu nyeupe siku ya Ijumaa, na waliwaita watu wa vijijini washenzi bila hata kushusha sauti. Baba yangu alikuwa mmoja wao mpaka siku alipokataa kubeba kipoi, kiti cha kubebwa mabegani, cha Mzungu aliyekuwa akipita. Alisema babu yake alikuwa akibebwa, hakuwa akibeba. Kwa jibu hilo alifungwa miezi sita.

Wafungwa walipita mbele ya nyumba yetu kila asubuhi wakienda kulima barabara, na sufuria kubwa ya maharagi ilibebwa nyuma yao juu ya mti, na wanaume wawili. Watoto wa mtaa walijua baba yangu yumo katika mstari ule. Wakaanza kuniita binti wa maharagi. Nilipokwenda kisimani waliniita hivyo, nilipokwenda kwa mwalimu wa Kurani waliniita hivyo, na mama yangu alipoanza kuyapika nyumbani kwa sababu mchele ulikuwa umekwisha, aliyapika uani, chungu kimefunikwa vizuri ili harufu isivuke ua. Tulikula haraka, kama watu walioiba.

Baba alipotoka hakutaka kuyaona tena maishani mwake. Nami nilikua, nikaenda kulea watoto katika nyumba ya Wabelgiji palepale Kasongo. Hapo ndipo nilipopata Kifaransa changu, si shuleni. Nilikipata kwa kuimbia watoto, kwa kusikiliza wazazi wao wakigombana mezani, kwa kutumwa hiki na kile. Karani mmoja aliyekuja pale na barua alinisikia nikiongea, akapeleka posa kwa baba. Baada ya arusi akahamishwa Kabambare, nikamfuata.

Bwana yangu alikuwa karani wa pamba. Kila kijiji kilikuwa na mashamba ya pamba ya lazima, naye alifuatana na Mzungu wa kilimo akiandika nani amepalilia na nani ameacha majani yameze shamba. Walioandikwa vibaya walipelekwa gerezani, wengine walichapwa kabla ya kufika huko. Naweza kusema sikujua, lakini nilijua. Niliona tu kwamba ni kazi ya daftari, kama kazi nyingine za daftari. Nilikuwa na viatu, nilikuwa na nyumba yenye madirisha, na kwenye soko la Kabambare wanawake walinipisha njia wakisema, "Jambo, mama karani."

Mke wa Mzungu wa kilimo alikuwa msichana bado, nadhani hakunizidi umri. Hakuwa na mtoto, na siku za kule zilikuwa ndefu kwake. Akaanza kuwakusanya wanawake kwenye baraza yake kila Jumatano, awafundishe kushona, kuosha mtoto mchanga, kuchemsha maji. Hakujua Kiswahili zaidi ya kile cha kuwaita wapishi. Alimwomba bwana yangu mtu wa kugeuza maneno yake, na bwana yangu akanitaja mimi.

Nilipenda kazi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukipenda. Nilisimama kando ya Madamu, kama tulivyomwita, yeye anasema, mimi nageuza. Wanawake ishirini, thelathini, wamekaa chini kwenye mikeka, macho yote kwangu kwa sababu maneno yalitoka kwangu. Baada ya Jumatano chache nilikuwa nimeanza kuongeza kidogo hapa na kupunguza kidogo pale. Hakuna aliyeweza kujua.

Jumatano moja somo lilikuwa chakula cha watoto walioacha kunyonya. Madamu alikuwa ameweka meza, na juu yake kipande cha nyama ya mbuzi kwenye sahani, mayai mawili, samaki mkavu, kopo la maziwa ya unga, na bakuli la maharagi mekundu. Akainua kimoja kimoja.

"Madamu anasema hivi ni vyakula vya kujenga mwili," niligeuza. "Nyama, yai, samaki, maziwa. Mutoto akikula mihogo peke yake kila siku, tumbo linajaa lakini mwili haupati kitu."

Kisha akainua bakuli la maharagi, na hapo akakaa sana. Alisema anajua kwamba nyama ni shida, kwamba si kila nyumba inapata nyama hata mara moja kwa juma. Akasema maharagi yanaweza kusimama mahali pa nyama, mtoto apewe kila siku, pamoja na wali au mahindi, na kwamba haya ndiyo aliyotaka wanawake wayashike kuliko yote aliyoyasema siku ile. Alisema hivyo, kuliko yote. Kifaransa chake nilikisikia vizuri kabisa.

Kwenye mkeka wa mbele walikuwa wamekaa wanawake wawili wa Kasongo, mmoja mke wa mfanyabiashara, mwingine mke wa koplo wa polisi. Walitoka mtaa wetu. Walikuwa wakubwa kwangu, na miaka ile ya baba walikuwa tayari wasichana wa kuteka maji. Nililitazama bakuli lile mkononi mwa Madamu, nikawatazama, nikaona jinsi watakavyotazamana nikianza kuyasifu maharagi.

"Na haya ni maharagi," nikasema. "Munayajua."

Basi. Maneno yake yote yale, nikayaruka.

Lakini nyuma kabisa mwanamke mmoja akainua mkono. Alikuwa Mubangubangu, kabila la wenyeji, mke wa mkulima, kutoka kijiji cha njia ya Wamaza. Alikuwa na mimba inayoanza kuonekana, na mapajani amempakata binti wa karibu miaka miwili, mtoto mnene mwenye macho ya kucheka. Alizungumza polepole, akichagua Kiswahili chake.

"Mama karani, huyu mutoto mimi ninamupa maharagi. Natoa maganda, naponda, natia mawese kidogo. Uniulizie Madamu kama iko muzuri."

Ilikuwa ndiyo hasa habari aliyokuwa ameieleza Madamu. Ningefungua kinywa tu na kusema ndiyo. Badala yake nilimtazama kuanzia nguo yake iliyochujuka mpaka miguu yake yenye vumbi, nikasema:

"Mama, maharagi ni chakula cha wafungwa. Mutoto yako amefanya kosa gani?"

Baraza nzima ikacheka. Wale wawili wa Kasongo walicheka kuliko wote, mke wa koplo akapiga mapaja yake. Nilisikia kicheko kile kikinipanda mwilini kama joto zuri. Madamu akatabasamu, akaniuliza wanacheka nini. Nikamwambia kwa Kifaransa kwamba mama yule anasema binti yake anapenda nyama sana. Madamu naye akacheka, akamnyooshea mtoto kidole kwa upendo.

Yule mama hakucheka. Aliinamisha kichwa, akaanza kuifunga upya nguo ya mtoto ambayo haikuwa imefunguka.

Jumatano iliyofuata hakuja, na zile nyingine hakuja pia. Msimu wa kuvuna pamba ulikuwa umefika, wanawake wengi hawakuja. Sikumkumbuka.

Siku za Jumamosi Madamu alikwenda na makopo ya maziwa ya unga kwenye dispansere, nyumba ya dawa, nami nikimfuata ili kugeuza maneno. Munganga wa pale, yaani muuguzi, alikuwa Mulega kwa kabila, mtu wa makamo, mpole, aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Jumamosi moja tulikuta mama ameketi kwenye benchi, mimba kubwa, na mtoto wa kike mapajani. Miguu ya mtoto ilikuwa imevimba mpaka vidole vikaonekana vifupi. Uso ulikuwa wa mviringo na mzito. Nywele zilikuwa zimegeuka nyekundu nyekundu, laini, chache, na ngozi ya mapaja ilikuwa inachubuka kama rangi ya ukuta wa zamani. Munganga alimbonyeza mguu kwa kidole gumba, akaondoa kidole, na shimo likabaki. Mtoto hakulia. Hakumtazama hata aliyembonyeza.

Mtoto sikumtambua. Nilimtambua mama, kwa ile nguo yake.

"Aliacha kunyonya lini?" munganga aliuliza.

"Nilipopata mimba hii."

"Na anakula nini?"

"Nyama," alisema mama.

Munganga akainua macho. "Nyama kila siku?"

"Siku tunapoipata. Bwana yangu anatega. Na mimi napeleka maharagi yangu sokoni, nabadilisha na nyama kavu. Kikapu kizima, wananipa kipande kama hiki." Akaonyesha kiganja chake, kisha akakunja vidole, kwa sababu kipande kilikuwa kidogo kuliko kiganja.

"Na siku hamuna nyama?"

"Bugali ya mihogo. Na maji ya majani ya sombe."

"Sasa hayo maharagi, mbona hukumupa yeye?"

"Alikuwa anakula zamani," akasema. "Niliacha."

"Uliacha! Kwa nini? Nani alikuambia uache?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, kopo la maziwa mikononi. Aliinua uso akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayepima kina cha mto kabla ya kuvuka, kisha akarudisha macho kwa munganga.

"Hakuna mutu," akasema. "Ni mimi mwenyewe."

Madamu akanivuta mkono, akataka kujua wanasema nini. Nikamweleza kwamba mama huyu alimwachisha mtoto maharagi, akawa anampa mihogo. Madamu akaweka mikono kichwani. Macho yake yalijaa machozi, na machozi yale yakageuka hasira.

"Lakini mimi niliwaambia!" alisema. "Niliwaambia maharagi, waziwazi, nikalishika bakuli mbele yao. Kwa nini hawasikii hawa wanawake? Mwambie. Mwambie nilimwambia."

Ningeweza kusema wakati ule. Mara nyingi nimejaribu kuyapanga maneno ambayo ningeyasema, nayo si mengi, yanatosha pumzi moja. Nilichosema ni hiki:

"Mama, Madamu anasema alikuambia habari ya maharagi, na wewe hukusikia."

"Ndiyo," akajibu yule mama. "Sikusikia."

Nikageuza na hilo pia. Nikamwambia Madamu, anakubali kwamba hakusikia.

Munganga hakuwapo kwenye baraza siku ile, hakujua lolote. Aliagiza maziwa, yaanzwe kidogo kidogo kwa kijiko, kisha akageuka kuwafundisha wanawake wote waliokuwa kwenye benchi. Alikwenda ndani akarudi na maharagi makavu kwenye kiganja kimoja.

"Musiyadharau haya," alisema. "Ukiyapima yakiwa makavu, na upande wa pili uweke nyama mbichi, uzito sawasawa, nguvu ya kujenga mwili haipishani sana. Nyama inashinda kwa mambo mawili. Tumbo linaichukua upesi, na inatia damu zaidi. Na maharagi yakiiva yanakuwa yamekunywa maji mengi, mutoto anashiba mbele ya kupata ya kutosha, kwa hiyo unamupa tena na tena. Lakini kitu kinachokosa katika maharagi kiko katika mahindi na wali. Ukivichanganya, mwili unapata karibu yote ambayo ungepata kwa nyama. Nyama mara moja kwa juma haiwezi kulea mutoto. Maharagi ya kila siku yanaweza."

Alipomaliza akanigeukia mimi, kwa heshima, kama mtu wa kazi moja naye. "Mama mwalimu, wewe unawaona wengi. Uwasaidie kuelewa."

Nikamwambia nitawasaidia.

Mama na mtoto walibaki Kabambare, kwenye kibanda cha wagonjwa nyuma ya dispansere. Kuanzia Jumatatu nilianza kupika maharagi nyumbani kwangu. Niliyaloweka, nikayachemsha mpaka yakapasuka, nikayatoa maganda moja moja, nikayaponda na karanga zilizotwangwa, nikatia mawese. Bwana yangu alisikia harufu akauliza ni nini hicho, mimi niliyekuwa siyataki hata kuyaona sokoni. Nikasema ni kazi ya Madamu. Nilipeleka chungu mwenyewe, kila siku, jua likiwa kali, nikipita katikati ya soko.

Wiki ya kwanza mtoto alikula maziwa tu, vijiko vichache, na maharagi akala mama yake. Kisha uvimbe ukaanza kushuka, na chini ya uvimbe hakukuwa na kitu, ngozi na mifupa. Mama yake alipomwona vile alipiga kelele, akadhani anakufa. Munganga akamtuliza: maji yanatoka, huu ndio mwili wenyewe, sasa tuujaze. Siku chache baadaye nilifika na chungu nikasikia kilio cha mtoto, kilio kikali cha mtoto mwenye njaa na hasira, na munganga amesimama mlangoni anacheka peke yake. Alikuwa amesubiri kilio kile. Siku hiyo binti alikula maharagi yangu mpaka akalamba mkono wa mama yake.

Kila nilipoleta chungu, mama alikipokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo. "Aksanti, mama karani." Kila siku maneno yaleyale. Nami nilirudi nyumbani moyo wangu umepoa kiasi. Nilijiambia amenisamehe. Nilijiambia kwamba siku ile kwenye benchi alinihurumia, alinificha kwa wema wake, na kwamba kati yetu sisi wawili kuna siri ya wanawake, kitu kama udugu. Niliipenda fikra ile. Nililala nayo.

Alijifungulia palepale, mtoto wa kiume, kisha bwana yake akaja kuwachukua wote. Walipoondoka nikakosa chungu cha kupeleka, na moyo ukaanza kunisumbua tena. Baada ya mwezi hivi bwana yangu alikuwa anakwenda kukagua mashamba ya njia ya Wamaza, nikamwomba anipeleke. Nilibeba kitenge kipya na mchele mzuri wa Kasongo. Nilitaka kumwambia yule mama kwa mdomo wangu kwamba nilijua nilichofanya, na kumshukuru kwa kuninyamazia.

Nilipanda nyuma ya baiskeli. Kabla hatujaingia kijijini niliona watu wakikimbia. Wanaume waliokuwa wamekaa vibarazani waliinuka wakashika majembe, wanawake wakaacha vinu, na mzee mmoja akaelekea shambani akifunga shati lake njiani. Walikuwa wameiona baiskeli. Sikuwa nimewahi kufika vijijini pamoja na bwana yangu. Nilikuwa nimekaa nyuma yake na mchele wangu mapajani, na watu walikuwa wakitukimbia.

Yule mama alinipokea kwa heshima, akatandika mkeka. Binti alikuwa anatembea, bado mwembamba, nywele mpya nyeusi zinaota chini ya zile nyekundu. Nilisikia kuku akikimbizwa uani, kisha nikasikia akichinjwa.

"Mama, usichinje," nikasema. "Mimi sikuja kwa kula."

"Si ya wewe," alijibu. "Ni ya bwana yako."

Nikamwomba twende nyuma ya nyumba. Huko nikamwambia. Nilimwambia kwamba Madamu alisema kweli habari ya maharagi, tena alisema sana, na mimi niliyaruka kwa makusudi, na kwamba kile kicheko nilikitaka mimi. Sikumwambia habari za baba yangu. Nilianza, nikaona nitakuwa ninamwomba anionee huruma, nikaacha.

Alisikiliza huku akichambua mboga.

"Najua," akasema. "Kifaransa sijui, lakini macho iko. Madamu alishika ile bakuli, akaongea mpaka mkono ukachoka. Wewe ukasema neno moja. Nikafikiri, huyu amesoma, anajua maneno gani ni ya Wazungu na gani ni yetu. Halafu watu wakacheka. Nikasema, basi, mutoto wangu asiitwe mufungwa."

"Na kule kwa munganga ulinificha," nikasema. "Ungeweza kunitaja. Ulinihurumia, mama, nami nimekuja kukushukuru."

Akaacha mboga. Akanitazama vizuri, na nikaona kwamba anashangaa kweli.

"Kukuhurumia?" alisema. "Mama karani, bwana yako ndiye anaandika majina. Ile siku mutoto iko anakufa, na shamba letu limejaa majani kwa sababu mimi nilikuwa na mutoto, na bwana yangu peke yake hawezi. Kama ningekutaja, bwana yangu angelikuwa wapi leo?"

Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake bila kujua nimepiga saa ngapi, na yeye akatupa macho haraka upande wa barabara, akaninyanyua kwa mkono.

"Simama, mama. Simama. Watu wakiona, watasema nimekufanya nini?"

Hata toba yangu ilikuwa hatari kwake. Nikasimama. Nikamwomba anisamehe, kwa sababu ndicho nilichokuja kusema na sikujua kingine. Akasema, "Basi, imekwisha." Alisema kwa ile sauti ambayo watu huwajibu nayo wasioweza kugombana nao, nami nilikuwa nimeisikia sauti ile maisha yangu yote kinywani mwa mama yangu, akiwajibu askari.

Tulikula kuku, bwana yangu na mimi, ndani, juu ya mkeka. Ningekataa wangeogopa zaidi. Bwana yangu alisifu mchuzi. Wenyewe walikula uani pamoja na watoto, na nilipotoka kunawa niliona walichokuwa wakikula. Yalikuwa maharagi, na binti alikuwa amekalia kigoda chake, ameshika kijiko cha mti, hana habari na mtu.

Njiani kurudi nilimweleza bwana yangu kila kitu. Akashuka kwenye baiskeli, tukatembea.

"Usimwambie Madamu," alisema. "Bwana yake ndiye mukubwa wangu."

"Na bwana ya yule mama? Umemwandika?"

"Shamba lake ni chafu."

"Umemwandika?"

Akatoa daftari mfukoni, akatazama, akarudisha. "Nitamwacha safari hii," akasema. "Kwa ajili yako." Na mimi, Mungu anisamehe, nilimshukuru. Ilichukua miaka kabla sijaelewa kwamba hata hapo tulikuwa tukifanya jambo lilelile, yeye na mimi, kumpa mtu kama zawadi kile ambacho hatukuwa na haki ya kumnyang'anya.

Madamu sikumwambia. Jumatano zilizofuata nilianza kuyasema maharagi kwa nguvu, kila somo, kana kwamba ni habari mpya iliyofika kwa posta. Wanawake walisikiliza. Hakuna aliyeniuliza kwa nini sasa si ya wafungwa tena. Yule mama hakurudi barazani. Nilisikia kwamba bwana yake alichoka na pamba, akapata kazi kwenye machimbo upande wa Salamabila, wakahama na watoto wote wawili. Mwaka uliofuata Madamu na mumewe walihamishwa. Alilia akiniaga, akanipa barua nzuri iliyosema kwamba niliyageuza maneno yake kwa uaminifu mkubwa. Barua ile niliitia motoni siku hiyohiyo, chini ya chungu, na sikumwonyesha bwana yangu.

Baraza ilifungwa, lakini wanawake wachache waliendelea kuja kwangu nyumbani, kushona. Siku moja, tukiwa saba au wanane, na mke wa koplo mmoja wao, niliweka sindano chini nikawaambia. Niliwaambia Madamu alisema nini kuhusu maharagi Jumatano ile, mimi nilisema nini, na mtoto alipatwa na nini. Niliwaambia na habari za baba yangu, na za chungu kilichofunikwa uani.

Mke wa koplo alikuwa anatazama kitambaa chake.

"Baba yako nilimukumbuka siku ileile," alisema mwishoni. "Nilicheka kwa sababu nilifikiri unataka tucheke."

Ndipo mwanamke mmoja, mkulima, aliyekuwa na mtoto mgongoni na aliyetaka kuondoka mapema, akauliza kwa sauti ya mtu mwenye haraka:

"Sasa, mama, tufanye namna gani? Maharagi yanataka moto wa nusu siku, na pamba iko inatungoja. Ni nani atakaa jikoni?"

Nikamwambia ayaloweke jioni kabla ya kulala, amwage maji yale asubuhi, ayaweke motoni chungu kimefunikwa, na yakishachemka vizuri asiyaache yapoe, ayaachie ukuni mmoja mkubwa na bibi kizee wa nyumbani wa kuutazama. Akauliza kama maharagi ya zamani, yale magumu, yanafaa. Nikasema yanafaa, lakini yanahitaji muda zaidi. Akanifanya nirudie yote tangu mwanzo, polepole, huku wenzake wakisogea karibu kusikia.